Jatelo wa Kisima

Risper Adoyo hakulipenda neno kiongozi. Lilimkumbusha watu wanaochelewa kufika matangani kisha wanapelekwa kwenye viti vya mbele. Kwa hiyo alipowakusanya vijana wake pale Sori, Wajaluo, Wakuria na Wakisii waliosikilizana kwa Kiswahili tu, aliwapa neno la Kijaluo: jatelo, yule atanguliaye. Jatelo hubadilishwa kila mwezi. Hula baada ya wote. Kazi chafu huianza yeye, na ni mwiko mtu kumpita.

Walilipokea neno hilo kwa moyo wote. Walichimbia wajane vyoo, wakabeba wagonjwa mvua ilipokata barabara. Risper, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye hakujaliwa mtoto, aliwatazama akaridhika. Lakini siku za karibuni kuridhika huko kulianza kuingia baridi. Vijana walikuwa wakishindana. Aliyeumia mguu aliiacha bandeji yake ionekane hata kanisani.

Kisha ikaja kazi ya kisima cha Dani Orpah, bibi kizee aliyeishi peke yake juu ya kilima. Kisima kilikuwa kimejaa tope. Jioni moja vijana waliteremsha pampu ya petroli hadi kwenye ukingo ulio ndani ya shimo, ikanguruma humo mpaka mafuta yakaisha. Asubuhi wakarudi kuzoa tope lenyewe. Jatelo wa mwezi huo alikuwa Cliff.

Kulikuwa kimya isivyo kawaida. Ndoo ya kwanza ilishushwa kupima kina, ikarudi na maji machafu na vyura walioelea matumbo juu.

"Hawa wamekufaje?" akauliza Magige, Mkuria mgeni katika kundi.

"Wameona sura yako," akasema Tony, na wenzake wakacheka.

"Nauliza tu. Chura hafi maji."

"Rudi Kehancha ukachunge ng'ombe, buda. Huku tuna kazi."

Risper aliwaangalia wale vyura. Yeye pia hakujua wamekufaje, na Cliff alikuwa ameshavua shati.

"Ngoja kidogo, Cliff."

"Mama, Dani hana maji. Mimi ndiye jatelo."

"Basi jifunge kamba kifuani."

"Mimi si mbuzi, Mama."

"Leo kuwa mbuzi. Nifurahishe."

Alifungwa huku akitabasamu, akashuka. Walimsikia akiimba, kisha akikohoa, kisha wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Cliff?"

Tony alikuwa tayari ametupa viatu. Nyuma yake Bitutu, msichana wa Kikisii, alikuwa akijifunga leso kiunoni, na nyuma ya Bitutu wengine, kila mmoja akimsukuma mwenzake apate kuwa wa kwanza. Hapo ndipo Risper alipoogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Aliona wazi jinsi watakavyoingia mmoja baada ya mwingine, kwa utii, mpaka mlimani asibaki mtu.

Alijilaza juu ya mdomo wa kisima.

"Hakuna anayeshuka."

"Mama, toka. Ulitufundisha tusimwache mtu."

"Mtashuka mkishanikanyaga. Shikeni kamba. Vuteni."

Wakavuta. Mzigo ulipanda bila kujisaidia, ukigongagonga mawe. Alipotokea, midomo ya Cliff haikuwa na rangi. Magige alimlaza kwenye upepo, na Risper akampulizia pumzi mdomoni kama alivyowahi kuona wavuvi wakifanya ufuoni, mpaka kijana akatapika na kulia kama mtoto.

Muuguzi wa zahanati aliwaeleza baadaye: moshi wa pampu ulikuwa umebaki kule chini, hauna pa kwenda. Angeingia wa pili, angelala juu ya wa kwanza.

Mwezi ulipokwisha, kundi lilikutana. Cliff alikuja, mkono ukimtetemeka alipopokea kikombe. Wote walimpisha njia, na Bitutu alimtazama kwa macho ambayo Risper hakuyapenda. Hayakuwa macho ya huruma. Yalikuwa ya wivu.

"Nani jatelo wa mwezi huu?" Risper akauliza.

Mikono ilipanda yote kwa pamoja, haraka, na uliotangulia ulikuwa ule unaotetemeka. Mmoja tu alikuwa ameshikilia magoti yake.

"Magige."

"Mama, mimi sikuinua."

"Nimeona."

"Mimi ni mwoga."

"Utatuuliza maswali kabla hatujaanza kazi. Ukisema turudi, tutarudi."

Tony akacheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Hakumpata. Mikono mingine ilishuka polepole. Wa Cliff ulibaki juu, na Risper alisubiri, na ukazidi kubaki.