Mkono wa Kaleb

Juzi nilipanda treni kituo cha Victoria Park, hapa Toronto, akaja kuketi karibu nami bibi mmoja aliyejipaka dawa ya kuchua, ile yenye kafuri na karafuu, inayokuingia puani mpaka macho yanalengwa na machozi. Watu wawili walihama viti. Mimi nilibaki, nikavuta pumzi, na wivu ukanishika pale pale. Wivu wa miaka ishirini na kitu iliyopita, mbichi kama ulivyokuwa. Maana hiyo ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo Baba nyumbani kwetu Crescent Town, ghorofa ya kumi na nne, kila jioni ya majira ya majani kupukutika. Vidole vyake vilinuka dawa ambayo hakunipaka mimi. Alikuwa ametoka kumkanda mtoto wa watu.

Nimweleze Baba kwanza, kwa sababu ukimwambia Mswahili mwenzako kwamba baba yako alikuwa kocha wa besiboli, atakuuliza mara mbili kama umesema basketiboli. Alizaliwa Tanga. Alipokuwa sekondari walifundishwa hisabati na mwalimu kutoka Japani, aliyekuja na gunia la glavu na mipira, na kipindi kikiisha aliwatoa wote uwanjani. Hisabati hazikumkaa Baba kichwani. Kurusha mpira kulimkaa. Alipofika Toronto na Mama, alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, zamu ya alfajiri, na alasiri akirudi alipita penye bustani ambako timu ya chuo kimoja ilifanya mazoezi. Alisimama nje ya uzio wiki tatu. Wiki ya nne kunyamaza kukamshinda, akamwambia mrushaji mmoja, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba mguu wake wa mbele unatua vibaya. Kijana akajaribu tena. Kocha mkuu akageuka kuangalia ni nani aliyesema.

Ndivyo alivyoanza. Misimu miwili alijitolea bure, wa tatu wakampa koti la buluu lenye maandishi mgongoni: Kocha wa Warushaji. Mama alilitundika sebuleni, si kabatini, wageni walione. Nami nililipenda koti lile mpaka alipokuja Kaleb.

Kaleb alitoka mji wa migodi huko kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio mekundu kama ameyavuta mtu, na mkono wa kulia ambao Baba alisema kocha haupati mara mbili maishani mwake. Mpira wake ulikwenda umenyooka kama wa mtu yeyote, halafu ukifika mbele ya mpigaji mwenye rungu lake ukakata kona ghafla, kama uliokumbuka kitu ulichosahau nyumbani. Baba alimwonea huruma kuwa mbali na kwao, akamleta kula chakula cha mchana Jumapili moja. Ile moja ikawa kila Jumapili.

Alikalia kiti changu. Sina hakika kama hilo nimelisamehe mpaka leo. Kilikuwa kiti cha dirishani, unaona treni zikiingia na kutoka, na Mama alinihamishia kwenye kigoda eti miguu ya mgeni ni mirefu. Alikula chapati tano. Mimi niliambiwa mbili zinanitosha. Na baya kuliko yote, alijifunza Kiswahili. Akifika mlangoni alivua viatu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama!" kwa sauti ya mtu anayetafuna kokoto, na Mama akayeyuka kama siagi.

"Marahaba, mwanangu! Umesikia, Zuhura? Mzungu anaamkia. Wewe niliyekuzaa unaniambia hai!"

Ni kweli, nilikuwa mtoto wa kujibu kwa Kiingereza. Lakini nilikuwa na sababu. Mimi nikikosea neno walinisahihisha. Kaleb akikosea, walipiga makofi.

Baada ya kula, Baba alimkanda. Alitandika taulo mezani, Kaleb akalaza mkono wake juu yake, na Baba akaanza begani kushuka taratibu mpaka kwenye vifundo vya vidole, akiuliza hapa je, na hapa je. Sikuwahi kumwona Baba akiuliza mtu maswali mengi hivyo. Mimi aliniuliza kama nimemaliza kazi za shule. Siku moja nilimletea mpira, nikamwomba anifundishe kurusha na mimi. Akaushika mkono wangu, akaupima ndani ya kiganja chake, akasema, "Bado mchanga huu. Subiri mifupa ikomae." Nilielewa alichomaanisha, au nilidhani nimeelewa: haukuwa mkono wa Kaleb.

Mama alikuwa na msemo wake, dua la kuku halimpati mwewe, akiutumia kila nikimwambia kwamba fulani wa darasani ameniapiza. Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka kujua kama msemo ni wa kweli. Alhamisi moja, baada ya Magharibi, Mama alipokwisha kukunja mswala wake na kuingia jikoni, nilibaki kwenye wangu nikainua mikono. Nilimwomba Mungu avunje mkono wa Kaleb. Kisha nikaona nimezidisha, nikaongeza: si sana, kiasi tu asiweze kuja Jumapili.

Jumamosi iliyofuata timu ilikuwa na mechi ya kuingia fainali. Ulikuwa mwisho wa Oktoba, ubaridi wa kung'ata masikio. Mama alibeba chai ya tangawizi kwenye chupa, tukakaa kwenye mbao za watazamaji karibu kabisa na benchi la Baba. Mkononi Baba alikuwa na kidude cha kuhesabia mipira. Kila Kaleb akirusha, Baba alibonyeza kwa dole gumba: ta. Alikuwa na sheria yake, na alituimbia hata sisi nyumbani, kwamba mrushaji akifikisha idadi yake ya mipira hutoka, mkono usije ukaumia, hata awe nani, hata iwe fainali ya dunia. "Mkono haudanganyi," alisema. "Anayedanganya ni mwenye mkono."

Kaleb siku ile alikuwa moto. Watu walikuwa wakisimama. Lakini kuelekea mwisho alianza kukung'uta mkono baada ya kila mpira, na Baba akatoka kwenye benchi, akapanda kile kilima kidogo cha udongo wanachorushia, ambacho yeye alikiita kichuguu. Wakaongea wameziba midomo kwa glavu. Kaleb akatikisa kichwa, kisha akakubali. Baba akamwekea mkono begani, akauacha pale, akauacha pale, nami nikahesabu muda wote ule. Aliporudi, akakitia kile kidude mfukoni mwa koti.

Sikusikia tena ta. Niligundua kwa sababu sauti ile ilikuwa imeniudhi tangu mwanzo.

Mpira wa tatu baada ya hapo ulimtoka Kaleb mkononi ukaenda zake kando kabisa, karibu na uzio. Akashika kiwiko. Akapiga magoti taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye majani. Baba alikimbia kumfikia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Nasikia timu ilishinda. Nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja.

Kulikuwa na kano iliyokatika, kukawa na upasuaji, na kabla theluji haijaanza kuyeyuka Kaleb alikwisha kuacha chuo na kurudi kwao. Baba alilirudisha koti chuoni, msumari ukabaki mtupu ukutani. Makocha wenzake walimpigia simu, hakupokea. Alirudi kwenye mashuka yake. Nami nilirudishiwa kiti changu cha dirishani, na kila nilipokikalia, chapati niliirudisha sahanini nzima. Dua la kuku lilikuwa limempata mwewe.

Nilivumilia wiki nyingi. Jumapili moja mchana Baba alikuwa jikoni akiosha vyombo, na Mama yuko chumbani anapiga pasi. Nikaenda nikasimama nyuma yake. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu niliona jambo kubwa namna ile haliwezi kusemwa kwa lugha ya shuleni.

"Baba, ni mimi. Nilimwomba Mungu mkono wa Kaleb uvunjike."

Akafunga bomba. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa amechuchumaa mbele yangu, mikono inadondosha povu, ananitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Si wewe, Zuhura," alisema. "Ni mimi."

Akarudia, polepole zaidi, "Ni mimi, mwanangu."

Nililijua neno lile. Ndilo wazazi wanalosema ukivunja glasi, ah, mimi ndiye niliyeiweka pembeni. Aliniondolea mzigo, na ulitoka wote kwa mara moja, nikajiona mwepesi. Nikamwambia, "Asante, Baba," nikarudi mezani, nikala chapati nne. Yeye alibaki pale chini muda mrefu. Nilidhani magoti yanamuuma.

Mwaka juzi nilikuwa mtaa wa Agincourt, dukani nachagua bamia, nikaona masikio mekundu. Kaleb alikuwa amembeba binti yake kwa mkono wa kushoto. "Shikamoo!" aliniambia, mtu aliyenizidi miaka kumi, na nikacheka mpaka nikashika rafu. Ni fundi umeme sasa. Tukazungumza pale pale kwenye mboga, na mimi, kwa mzaha, nikamsimulia dua yangu. Hakucheka.

"Baba yako hakukwambia?" aliuliza. "Nilimwambia kiwiko kinawaka. Akaniuliza kama naweza kumpa mipira mitatu tu. Nikasema naweza. Angetaka thelathini, ningesema naweza."

Kisha akaniambia kwamba mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Baba alipanda basi siku nzima hadi kwao, akakaa jikoni na mama yake Kaleb, akasema kosa lilikuwa lake. Sisi tulikuwa tumeambiwa anakwenda kuhani msiba. Na kila mwaka tangu hapo humpigia simu, huuliza mkono, huuliza mtoto.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa wivu. Siku nzima ndani ya basi, kwa ajili yake. Simu za miaka yote hiyo. Nilisimama na bamia zangu nikiwa na miaka kumi tena.

Ni njiani kurudi ndipo nilipohesabu miezi. Jumapili ile ya jikoni ilikuwa mwezi wa tatu. Kabla ya safari ya basi, kabla ya mama yake Kaleb, kabla hata ya Mama aliyekuwa anapiga pasi chumba cha pili, Baba alikuwa amechuchumaa na povu mikononi akalisema jambo lile kwa mara ya kwanza, na mtu aliyemchagua kumwambia alikuwa mimi. Nami nikamwambia asante.