Kibarua Nilichomshikia Jirani

Watu wakisema ni shida inayomharibu binadamu, mimi hunyamaza. Nimeishi na shida Kianda, ndani ya Kibera, katika chumba kimoja cha mabati, na najua inachoweza kumfanyia mtu. Lakini uovu wangu mkubwa niliufanya nikiwa nimeshiba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kila asubuhi tulitoka Kibera kwa miguu, mimi na jirani yangu wa mlango wa pili, tukaketi kando ya barabara Kawangware pamoja na wanawake wengine waliotafuta nguo za kufua. Mimi mtu wa Kitui, yeye wa kule ziwani. Sisi wafuaji tulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: ukipata nyumba ya kudumu, hiyo ni yako. Ukiugua au ukisafiri, mwenzako anakushikia, na ukirudi anakurudishia. Aliyeivunja hakuketi nasi tena. Mimi mwenyewe niliwahi kumfukuza mmoja kwa maneno, na maneno nilikuwa nayo tele.

Jirani yangu alikuwa na nyumba Riruta, Jumanne na Ijumaa. Nyumba nzuri, bomba liko uani, na saa saba unakaribishwa mezani kama mgeni. Dada yake, mgonjwa aliyekuwa akimuuguza chumbani kwake, alipofariki, alikuja kwangu macho yamemvimba.

"Nishikie hizo siku mbili, nikimaliza matanga narudi," akasema. "Wewe ndiye naamini."

Nikamshikia. Wiki ya pili, nikianika nguo baada ya kula, mama mwenye nyumba akaniuliza, "Kwani huyo dada yake alikufa na nini?"

Miaka hiyo hilo halikuwa swali dogo. Kulikuwa na ugonjwa ambao watu hawakuutaja kwa jina, na ukishukiwa tu kuwa nao, hata kikombe ulichonywea kilitupwa. Ningeweza kusema sijui, maana kweli sikujua. Hakuna aliyenishika koo. Unga nilikuwa nao nyumbani, na tumboni nilikuwa na wali wake na maharagwe. Nikasema, "Aliugua sana, akakonda. Huyu wetu ndiye alikuwa akimuuguza. Hata yeye siku hizi kikohozi hakimwachi."

Hapo sikusema uongo hata mmoja. Kikohozi alikuwa nacho, cha moshi wa jiko, na mimi nilijua hivyo vizuri. Mama yule alizitazama nguo za watoto wake kwenye kamba, akasema, "Basi endelea wewe tu." Nikamshukuru.

Jirani alirudi na omena, dagaa wa kwao ziwani, iliyofungwa kwenye gazeti, zawadi yangu ya kumshikia. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia Ijumaa aende kwenye nyumba yake Riruta, kana kwamba sikujua lolote. Kabla ya saa nne alikuwa amenirudia pale kando ya barabara.

"Hata geti hakunifungulia," akaniambia. "Kuna mtu amenichafulia jina. Ati mimi ni mgonjwa."

Nikapiga makofi kwa mshangao. Nikamlaani mtu huyo, nikaomba ulimi wake uoze. Yeye ndiye aliyenituliza. "Wachana naye. Afadhali hiyo kazi imebaki na wewe, si mtu mwingine."

Niliona aibu hapo, lakini Jumanne nilienda. Wenye nyumba nao huongea. Hatukumaliza mwezi, hata Kawangware hakuna aliyemchagua, na wenzetu wakaanza kuketi mbali naye kidogo. Alifika asubuhi, akakaa mpaka jua kali, akarudi mikono mitupu. Nyumba ile ingalimrudia kama ningalifungua mdomo tu. Siku zote nilidhani uhuru ni kitu tunachonyimwa na wengine, mwenye ploti, chifu, serikali. Kumbe mimi nilikuwa nao mzima mzima. Kila Jumanne nilipita geti lile nikiwa huru kusema, "Mama, nilimsingizia," na kila Jumanne nilifua, nikaanika, nikala, nikaenda zangu.

Mwaka haukuisha kabla hajaamua kurudi kwao. Asubuhi ya kuondoka aliweka mzigo wake mlangoni kwangu.

"Niombee kabla sijaenda," akasema. "Maombi yako Mungu huyasikia."

Ni kweli, kanisani mimi ndiye niliyeitwa kuwaombea wagonjwa. Nikamshika mikono, nikaomba kwa sauti hadi majirani wakatoka nje. Nilimsihi Mungu amlinde na wote wanaosema ubaya juu yake. Katikati ya maombi neno la kweli lilifika hadi kwenye meno. Nikalimeza, nikaendelea na safari njema na mvua ya baraka. Yeye aliitikia amina kila nilipovuta pumzi, na nilipomaliza alinifuta machozi kwa kitambaa chake, akidhani nalilia safari yake.