Aliyenifundisha Kukimbia Alikuwa Anatembea

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kwa miguu zaidi ya kichwa, maana kichwa changu hakikukaa shule muda mrefu. Nilikuwa kijana hapa kisiwani Rusinga, nimeingiwa na wazimu wa marathoni. Nyinyi siku hizi mna saa za mkononi zinazowahesabia hata mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa na viatu vya kaka yangu, vikubwa, nikavijaza vipande vya nyavu kuukuu visinivuke. Vilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Lakini hayo siyo niliyotaka kusema.

Nilitaka kusema kwamba mara mbili nilikwenda kukimbia marathoni mjini Migori, na mara mbili nikamalizia safari ndani ya lile lori la kuokota walioshindwa, nimekaa kama gunia la mihogo. Wavuvi wakaniita Nusu. Nikipita ufuoni asubuhi wananipigia kelele.

"Omera, ndugu yetu Nusu, umeiba kuku wa nani?"

"Mwacheni, mbio ni za watu wa Eldoret. Huyu atarudi kwa mtumbwi."

Nikaapa kwamba nikishindwa mara ya tatu nitaacha kabisa, na hilo jina nizikwe nalo.

Basi siku hiyo nilikuwa nazunguka kisiwa. Mbele yangu nikawakuta akina mama wa lile kanisa la kanzu nyeupe, wanatembea kwa ngoma na bendera, miguu mitupu, wakienda kumwombea mgonjwa upande wa pili. Nikawapita kwa kasi, nikawarushia vumbi, na nisikufiche, nikacheka. Mimi kanisa nilikuwa nalijua siku za mazishi tu, na hata hapo nilifuata nyama.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jua lilipopanda msuli ukanishika nyuma ya paja, nikaanguka kando ya barabara, nikatapika uji wote. Nikiwa pale nikasikia ngoma inakuja, haina haraka. Aliyeipiga alikuwa Dani Penina, maana bibi kwetu ni dani, mzee ambaye angeweza kumzaa mama yangu.

"Huyu si yule aliyetupaka vumbi?" akauliza.

"Ndiye!" Wenzake wakacheka hadi bendera ikatikisika.

Akanipa maji. "Nyathina, mtoto wangu, nani amekutuma?"

"Hakuna, Dani. Najikimbilia tu."

"Ndiyo maana unachoka. Aliyetumwa hakai njiani, kwa sababu kuna mtu anamngoja. Wewe unakimbia uonekane, kwa hiyo ukitoka machoni pa watu, nguvu zinaisha. Inuka, shika bendera."

Nikaishika. Tulipopita ufuoni wavuvi wakapiga mluzi: "Nusu ameokoka!" Aibu ilinichoma, lakini nilifuata ule mwendo wa ngoma, na ule msuli ukaanza kuniachia taratibu. Kwa mgonjwa tukapiga magoti, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwomba Mungu kitu kisichonihusu mimi. Nilitoka pale mwepesi, ingawa bado nilikuwa nachechemea.

Toka hapo nikawa nafanya mazoezi nikiomba. Kila kilima nilikipa jina la mtu mwenye shida, nakipanda nikimwombea. Kile kirefu kuliko vyote nikampa mvuvi aliyenibandika lile jina, maana huyo alihitaji maombi mengi.

Ikafika Migori, mara ya tatu. Wenzangu wakachomoka kama kuku waliomwona mwewe. Nikawaacha waende. Kutangulia si kufika. Lakini usidhani wokovu huondoa maumivu, mwanangu. Baada ya kilomita thelathini miguu ikakataa, na lori likaja nyuma yangu, dereva yule yule wa zile mara mbili, hata jina langu la utani lilikuwa limemfikia.

"Nusu! Kiti chako nimekifuta vumbi!"

Mlango ulikuwa wazi. Nasema kweli, niliutazama. Kisha nikasema kwa sauti, "Bwana, sikuombi kushinda. Nishike tu hadi nguzo ile ya stima." Akanishika. Nikaomba nguzo ya pili, na ya tatu. Dereva akawa ananifuata polepole, mwishowe akazima redio. Nilifika mwisho hema zimeshaanza kukunjwa, sikuwa hata wa hamsini. Nikapiga magoti kwenye lami, na mwezi uliofuata nikabatizwa ziwani.

Nguvu ile sikuiacha barabarani. Mama yenu alipolala kitandani miaka mitatu, mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha. Kila asubuhi niliomba nguvu za asubuhi hiyo tu, na hakuna asubuhi niliyonyimwa.

Sasa nisikie, wewe unayefunga kamba za viatu. Fanya mazoezi, usiseme Mungu atakukimbilia, miguu ni yako. Lakini usitoke nyumbani kabla hujajua nani amekutuma. Usimcheke anayekwenda polepole kwa jina la Mungu, pengine ndiye atakayekuokota. Na ukichoka, usiombe safari nzima. Omba ile hatua iliyo mbele yako, kwa sababu Yeye hachoki kuombwa.

Mungu akupe pumzi ndefu. Akusukume kwenye kilima, na kwenye mteremko akushike shati, maana mteremko ndio huangusha wengi. Amina.