Tulivyoipamba nyumba ya Mama mara mbili ili iuzwe, Malindi

Wakuu, nina swali kabla ya salamu. Mtu akija kuitazama nyumba anayotaka kuinunua, macho yake huwa yanatazama nini hasa?

Miaka ile ya themanini sikuwa na jibu. Ubaya ni kwamba nilidhani ninalo.

Haya sasa, salaam zenu wote. Ninayoyasimulia yalitokea kwetu Malindi, mji wa kale, nami nilikuwepo, tena nikiwa na brashi ya chokaa mkononi. Sijaongeza chumvi. Majina tu nimeyabadilisha, kwa sababu baadhi ya wahusika wangali hai na ndimi zao hazijazeeka.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi, nimerudi nyumbani kusubiri kuajiriwa. Kusubiri kwenyewe kulichukua muda, na mtu mwenye digrii asiye na kazi ni mtihani ndani ya nyumba. Nilikuwa nahoji kila kitu. Mama akisema kufagia jioni kunafukuza riziki, namuuliza riziki hiyo inatokea mlango upi, wa mbele au wa uani. Aliniombea kazi kuliko nilivyojiombea mwenyewe.

Baba alikuwa ameshafariki. Nyumba yetu ilikuwa kubwa, ya ghorofa, chini maghala ya zamani na juu ndiko tulikoishi, Mama na mimi basi. Dada yake, mama mdogo Maimuna, alikuwa Kilifi. Hao wawili walikuwa wakigombana kwa barua kila wiki, na Mama alikuwa amechoka kungoja majibu. Alitaka kwenda kugombana naye ana kwa ana.

Basi Kilifi ikapatikana nyumba ndogo, ukuta kwa ukuta na ya mama mdogo. Mwenye nyumba hiyo akasema: nakungojeeni mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiandama hamjaja, nampa mtu mwingine.

Ilikuwa mwanzo wa Rajabu. Miezi miwili hivi ya kuuza nyumba ya Malindi. Mama akasema ni muda wa kutosha. Mimi nikasema ni muda wa kutosha kama mtanisikiliza.

Hapo ndipo makosa yalipoanza.

Nilikuwa na jarida moja la Kizungu, nililipata chuoni, lina makala ya jinsi ya kuitayarisha nyumba kabla ya kuiuza. Lilisema hivi: toa kila kitu kinachomkumbusha mnunuzi kuwa nyumba ni ya mtu mwingine. Paka rangi nyeupe. Acha nafasi wazi, ili mnunuzi ajione mwenyewe humo ndani.

Nililiamini. Mimi niliyekuwa sijaamini hata saa ya msikiti bila kuilinganisha na redio, nililiamini jarida lisilo na jalada.

Kuta zetu za ukumbini zilikuwa za rangi ya pistachio, kijani cha kufifia, na zile zidaka za ukutani zilijaa sahani za maua za bibi yangu. Nikaziondoa. Nikaondoa makasha, mikeka, viti, picha ya Baba akiwa na tarabushi. Nikapakia lori zima hadi Kilifi kwa mama mdogo. Tulibaki na vitanda viwili, sufuria na birika.

Fundi wa rangi alitoka Matsangoni, jina lake tumwite Karisa, mtaratibu sana. Alisimama katikati ya ukumbi, akageuka mara moja.

"Dada, nyeupe kote?"

"Kote."

"Hata humu mwenye zidaka?"

"Hata humo."

"Hamfungui zahanati?"

Nikamwambia apake tu. Akapaka chokaa, nami nikashika brashi ya pili. Mama alikuwa akipita huku amejifunika uso kwa mtandio, anasema mwanga unamuumiza macho.

Dalali wetu, Mzee Kombo, alikuwa mtu wa mwavuli, mvua au jua. Alileta mteja wa kwanza, mzee mmoja mwenye mashamba kule Magarini. Akavua viatu, akaingia, akasema assalaam alaykum. Sauti yake ikamrudia kutoka vyumba vyote.

Akageuka akatazama kuta. Kisha akamnong'oneza Mzee Kombo, nami nikasikia:

"Wenyewe wametolewa na nini humu?"

"Hawajatolewa, ndio hawa."

"Mbona hawana hata mkeka?"

Kahawa hakuinywa. Viatu alivivalia barabarani.

Mteja wa pili hakufika mlangoni. Wa tatu alituma salamu. Siku ya nne Mzee Kombo akaja peke yake, akakaa kwenye kitanda cha Mama kwa kukosa kiti, akaweka mwavuli magotini.

"Bi Khadija, mji mzima unasema. Wanasema nyumba hii ina jini."

"Jini gani?" Mama akauliza.

"Jini asiyependa vyombo. Wanasema kila mkiweka kitu anakitupa, ndiyo maana mmehamisha mpaka sahani."

Nikaanza kumweleza habari za nafasi na mnunuzi kujiona mwenyewe. Mzee Kombo alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mama.

"Msomi anasema kweli. Yule wa Magarini alijiona mwenyewe humu ndani. Ndiyo maana alikimbia."

Wakuu, Shaabani ilikuwa imeshaingia.

Mama hakunigombeza. Alivaa buibui lake, akasimama mlangoni, akasema, "Sasa nipishe mimi nipambe." Akatoka.

Pale kwetu mtu akiwa na harusi hanunui mapambo. Anaazima. Jirani huyu anatoa zulia, huyu anatoa mito, huyu vikombe vya dhahabu-dhahabu, na nyumba ya maskini inageuka ya sultani kwa siku tatu. Kila mtu anajua, na hakuna anayeona haya, kwa sababu zamu yake itafika. Mama akaona hakuna tofauti. Kama nyumba huazimiwa mapambo ili bwana harusi aingie, kwa nini isiazimiwe ili mnunuzi aingie?

Mpaka alasiri tulikuwa na zulia la Bi Tima, jekundu, lina swala wawili na chemchemi. Tulikuwa na saa ya ukutani ya Bi Rukia, yenye timazi, inayogonga kama inadai. Kabati la vioo. Mito ya almaria kumi na minne. Maua ya plastiki ya rangi zisizoota popote. Na friji ya Mwana Esha, jirani wa mlango wa pili, ikasimamishwa ukumbini kwa heshima zote, imevikwa kitambaa cha kufumwa.

"Mama," nikamwambia, "huu si udanganyifu?"

"Udanganyifu wapi?"

"Mtu ataona zulia, adhani ni letu."

"Siku ya harusi yako nitaazima zaidi ya haya. Mumeo atakuchukua wewe, hatachukua zulia."

Nikaenda kunyoosha zulia, mimi na digrii yangu.

Wateja wenyewe walikuwa watu wa Ngomeni, Bwana Athumani, mfanyabiashara wa papa mkavu, na mkewe Bi Zuhura. Wangekuja Alhamisi. Alhamisi tukawangoja mpaka magharibi, hawakuja. Gari lilikuwa limeharibika njiani. Wakatuma neno kwamba watakuja Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku ya harusi ya binti wa Mwana Esha.

Hili lilikuwa tatizo, ila Mama alisema wageni watakuja saa tatu asubuhi na harusini vitu vitahitajika adhuhuri. Tatizo jingine hakuliona, wala mimi sikuliona. Waliotuazima vitu kwa siku moja walikuwa sasa wameviacha kwetu siku ya nne, na roho zilikuwa zimeanza kuwapanda. Saa mbili na nusu Bi Rukia akaingia, akakaa chini ya saa yake. Akaja Bi Tima, akakaa juu ya zulia lake. Wakaja na wengine. Kila mwenye kitu akaketi karibu nacho, na kipepeo cha ukili mkononi, kama walinzi wa benki.

Wageni wakafika saa tano, pamoja na Mzee Kombo.

Bwana Athumani alikuwa mnene mpole, haongei. Bi Zuhura alikuwa mwembamba, na macho yake yalitangulia kila mahali kabla ya miguu. Tukakaribisha, tukaamkiana, Mama akaanza kummiminia Bwana Athumani chai kutoka kwenye chupa ya kuazima.

Bi Zuhura akatazama ukutani.

"Mashallah saa nzuri. Na hii mnaiacha?"

"Haiachwi!" akasema Bi Rukia.

Mama akacheka kidogo. "Huyu ni jirani yetu. Anaipenda mno saa yetu."

"Saa yenu?" akauliza Bi Rukia.

Kabla Mama hajajibu, mlangoni kukasikika hodi. Vijana wanne wa harusini, jasho linawatoka. "Bi Khadija, tumetumwa friji. Sharbati imekuwa moto na watu wameshafika."

Mama akasema ngojeni kidogo. Wakasema hawawezi, Mwana Esha amekwisha kulia mara moja. Wakaing'oa friji, wakaiinua pamoja na kitambaa chake, na humo ndani kukasikika chupa zikigongana mpaka mlangoni.

Bi Tima kuona friji imetoka, akaona na zulia lake linaweza kubebwa vivyo hivyo. Akapiga magoti, akaanza kulikunja. Bwana Athumani alikuwa amesimama juu ya swala mmoja.

"Niwie radhi kaka, inua mguu."

Akainua.

"Na huu."

Akainua na huo, kikombe mkononi, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Baada ya hapo hakuna aliyezuilika. Mito ikaondoka kwapani, saba huku, saba kule. Kabati likafungwa kamba. Bi Rukia akapanda juu ya kiti kushusha saa, ikagonga mara sita mikononi mwake. Mwenye kiti akamngoja ashuke, akakichukua. Mwenye chupa ya chai akaichukua, na Bwana Athumani akabaki na nusu kikombe. Kikombe nacho kilikuwa cha watu. Akakinywa kwa haraka, akakitoa mwenyewe. Alikuwa mstaarabu sana yule.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Najua mwisho wake tulikuwa watu wanne na dalali ndani ya ukumbi mweupe, mtupu, na ua moja la plastiki la zambarau sakafuni. Mzee Kombo alikuwa amefungua mwavuli wake ndani ya nyumba. Nadhani alitaka kujificha.

Mama akaketi kwenye kizingiti cha dirisha. Niliona anatazama nje upande wa barabara ya Kilifi, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo nikatamani ningekuwa nimenyamaza, nikaiacha nyumba na pistachio yake.

Nikasema, "Bi Zuhura, nisamehe mimi. Vitu vyetu viko Kilifi, niliviondoa mimi. Hivi vilikuwa vya majirani. Hakuna jini."

Bi Zuhura akamtazama mumewe. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na chokaa yangu ikamganda kiganjani. Alipopumua akamwambia mumewe, "Baba Saidi, tunaichukua."

Bwana Athumani, maskini, akasema neno lake pekee la siku ile: "Hivihivi?"

"Hivihivi."

Mama alihamia Kilifi mwezi wa Ramadhani ukiwa haujaandama. Futari ya kwanza waligombana na mama mdogo juu ya sahani za bibi ziwekwe wapi. Sijapata kumwona amefurahi vile.

Lakini mimi na yeye hatukuelewana kamwe juu ya kilichoiuza nyumba. Mimi nilisema: mmeona? Ilipokuwa tupu na nyeupe ndipo iliponunuliwa, kama lilivyosema jarida. Yeye alisema: kilichouza ni majirani, yule mama aliona ujirani wa kukopeshana mpaka friji, nani asiyetaka kuhamia hapo? Tulibishana hivyo miaka na miaka, kila Idi, mbele ya wageni. Mama amefariki akiamini ameshinda.

Funzo nililolipata, wakuu, mimi mwenye kuhoji kila kitu: nilimhoji Mama, nikamhoji fundi, nikamhoji dalali. Mtu mmoja tu sikumuuliza chochote, naye ni mnunuzi. Ukitaka kuuza nyumba, kabla hujashika brashi, muulize anayekuja anatafuta nini. Hata akikudanganya utakuwa umejifunza kitu.

Waliowahi kuuza au kununua nyumba waseme hapa chini: kilichowavuta ni nini? Na anayetaka kutetea jini pia ana haki ya kusema.

Ila kabla hamjachagua kati yangu na Mama, kuna hili. Zaidi ya miaka ishirini baadaye nilikutana na Bi Zuhura msibani, Mambrui, mzee sasa, macho ni yaleyale. Nikamuuliza mwishowe. Akasema kuta hakuzitazama, na majirani walimchekesha tu. Alichokuwa amekitazama ni ngazi za kupandia juu, ambazo mtaona sikuzitaja popote kwenye uzi huu kwa sababu sikuwahi kufikiri zina maana. Zilikuwa refu, nyembamba na wima kama za mnara.

Mama mkwe wake alikuwa na magoti mabovu. Aliishi miaka kumi na mmoja tena, kule Ngomeni, na juu hakufika hata siku moja.