Mchanga Ndani ya Beringi

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi kuukuu hainichefui kama inavyowachefua wengine. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi, na harufu hiyo ilikaa mikononi mwangu hata nilipokula ugali. Tuliishi kando ya ziwa, mbele ya Usagara, na baba alikuwa na gari la zamani aina ya jipu, ambalo gurudumu lake la mbele lilikuwa likiunguruma kama jiwe la kusagia. Mama alikuwa mjamzito. Mkunga alimkataza kujifungulia nyumbani. Aende akakae kwa shangazi, mjini, mtaa wa Mirongo, karibu na hospitali. Jipu lile ndilo lingempeleka.

Siku moja kabla ya safari, baba alipiga jeki, akafungua gurudumu, akatoa beringi mbili, zile pete za chuma zinazolifanya lizunguke, kubwa na ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuziosha kwenye beseni la mafuta ya taa, kisha kuzishindilia grisi. Unaweka bonge la grisi kiganjani, unalisukumia beringi ubavuni mpaka grisi itokeze upande wa pili. Baba alisema mikono ya mtoto inafaa kwa sababu haina haraka. Hapo alikosea. Beringi kubwa iliniponyoka, ikaangukia mchangani tulipoanika dagaa. Niliifuta kwa ncha ya kanga, nikaipaka grisi nyingine juu, nikampa. Alikuwa akibishana na mjomba Masanja, kaka yake mama, hakutazama. Akaitia, akakaza nati, akarudisha gurudumu. Ndani, mama alikuwa akikunja nguo za mtoto. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua, nami nilijua kifo kile kingekuwa cha nani.

“Baba, ile kubwa ilianguka mchangani.”

“Ipi?”

“Ya ndani. Niliifuta tu.”

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. “Shemeji, umepata fundi! Anaunga beringi kwa mchanga kama mboga kwa karanga.”

Baba alizungusha gurudumu lililokuwa bado juu ya jeki, akasikiliza.

“Mbona halilii?” mjomba akasema. “Liache.”

“Litalia akishapanda dada yako. Wewe mtoto, lete beseni.”

Akafungua vyote upya. Mafuta yalipotulia, chembe za mchanga zilionekana ndani ya beseni, chini kabisa, chache, zingeenea kwenye ukucha. Nililia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mama alifika Mirongo salama, na mdogo wangu akazaliwa huko wiki iliyofuata.

Baba tumemzika mwaka huu. Barabara sasa ni ya lami, na gurudumu la gari la mdogo wangu lina beringi iliyofungwa kiwandani. Ikilia, inatupwa nzima, inawekwa mpya. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri zaidi. Kina mama walifia njiani, na leo nashukuru kwamba wengi wanafika. Mazishini niliambiwa niseme neno juu ya baba, nikashindwa, nikakaa. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Siku ile, baada ya kuiosha, alinirudishia mimi beringi ileile niishindilie grisi tena. Nilipomaliza nilimnyooshea. Hakuigeuzageuza, hakuikagua. Aliipokea, akaitia.