Kibendera cha Gari la Mwenzake

Dereva wa katibu wa mkoa hupenda kuwaeleza wageni maana ya vyeo huku akifuta kitasa cha mlango: "Mkuu wa mkoa anatoa amri, katibu ndiye anayefanya kazi." Akisema hivyo, roho humuuma, maana jicho lake haliachi gari la mkuu, ambako mwenzake hunyoosha kibendera kwa vidole viwili. Wiki hii mkuu alisafiri kwa ndege, katibu akawa kaimu. Dereva akaja na shati jipya. "Kaka, lete kibendera."

"Kaimu hupanda gari la mkuu, kaka, na usukani ni wangu. Wewe pumzika!"

Katibu akapanda, wakaondoka. Dereva wake akafungua mlango wa gari lao lililobaki tupu, akafuta kiti kilichokuwa safi, akaufunga taratibu.