Mstari Uliopinda

Kaka yangu kazi yake ni kujaribu magemu kabla hayajauzwa. Anavaa miwani inayofunika macho yote, na kutwa nzima anapiga risasi maroboti ya sayari ambayo haipo. Majirani walimwita Kichaa wa Sebuleni, nami, mdomo wangu usio na breki, nilicheka nao. Mwenye miwani hachezi kabla ya kuchora mstari sakafuni, unaoonekana ndani ya miwani tu. Akiuvuka, gemu linasimama. Wa kaka ulipinda kukizunguka kitanda cha mama, aliyeugua pale sebuleni miaka miwili, asije akamkanyaga.

Mama tulimzika, kitanda tukakitoa. Juzi nikamwambia, "Kaka, chora mstari mpya. Si nafasi ipo sasa?"

Akanivisha miwani. Maroboti yakanijia mbiombio, nikarudi nyuma mpaka risasi zikakatika na mstari wa buluu ukaniwakia miguuni. Ulikuwa bado umepinda, upana wa kitanda kimoja, na mimi nimesimama ndani yake.

"Sogea," kaka akasema taratibu. "Umemkanyaga mama."